Shangazi, moyo wangu utatulia lini?

Barua za wiki hii nyingi zinalia kilio kimoja: riziki imeyumba na usingizi hauji. Nimechukua hizi.

*Shikamoo shangazi. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa hapa Katonga. Akisikia tu habari ya ziwa kufungwa, hali, hasemi, usiku anakaa nje. Nikimuuliza anajibu "hakuna kitu". Nimtie moyo vipi? – Mama wa Katonga*

Marahaba mwanangu. Maneno ya kutia moyo yasubiri, mfanye hesabu kwanza. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa, watu wasivue, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Jambo lenye tarehe ya kuanza na ya kuisha linapangika. Mumeo anateseka kwa sababu anapiga hesabu peke yake kichwani, nayo kila usiku inaongezeka.

Subiri mbalamwezi, siku ambazo haendi ziwani. Watoto wakishalala, leta daftari. Andikeni unga, ada, kodi, na deni la nyavu, hata lile analodhani hulijui. Usimlaumu kwa hilo deni usiku huo, maana ukifoka hatakuambia tena. Kisha mkubaliane: ziwa likiwa wazi, kila giza, yaani zile siku za kuvua zisizo na mbalamwezi, likiisha kuna fedha inawekwa pembeni kabla ya kitu kingine chochote, na kuna dagaa wanaokaushwa vizuri na kufungwa kwenye viroba vya akiba. Kama uko kwenye VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, waambie wenzako mapema kuwa miezi ya mbele itakuwa migumu. Usingoje siku ya marejesho ndipo uzime simu.

Na mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, usivuke kizingiti chenu. Nimeona godoro likitolewa nje mama akiwa amempakata mtoto mchanga. Hakuna wasiwasi wa kufungwa kwa ziwa unaofikia aibu ile.

*Shangazi, naomba dua ya kuvuta pesa haraka. – Msomaji, Kasulu*

Swali hili linakuja kila wiki na jibu ni lile lile: sina, na anayekuuzia anakuibia. Omba mwenyewe, bure, kwa lugha unayoijua. Hela uliyotenga ya mganga au ya mafuta ya upako nunua unga.

*Nimefiwa na mwanangu wa miaka sita. Arobaini imepita. Nikilia, mawifi wanasema nakufuru. Sasa nalilia chooni. – Dada wa Ujiji*

Pole sana, mwanangu. Toka huko chooni, ulie sebuleni. Mtume Muhammad alimlilia mwanawe Ibrahim mbele ya watu, na walipomshangaa akawaambia machozi yale ni rehema. Wasomaji Wakristo nao wanajua kuwa Yesu alilia kwa ajili ya Lazaro. Hao mawifi wamepata wapi dini ngumu kuliko hiyo?

Nguo za mtoto usiharakishwe kuzigawa. Tafuta mtu mmoja, hata jirani, ambaye ukilitaja jina la mwanao hatabadilisha mazungumzo. Mtu huyo mtembelee, au aje kwako mchambue mchicha huku unamsimulia mtoto alivyokuwa.

Nanyi wengine, nisikilizeni. Msibani tunajaa hadi viti vinaazimwa mtaa wa pili. Mikeka ikikunjwa, mfiwa anabaki na ukuta. Nendeni siku ya arobaini na moja. Mchoteeni maji, mfagilieni uwanja, kaeni naye. Neno "jikaze" liacheni nyumbani.

*Nina genge soko la Mwanga. Biashara mbaya, silali. Nanunua vidonge vya usingizi duka la dawa, ila sasa kimoja hakitoshi. Nimeze viwili? – Baba wa watatu*

Hapana. Wala usiviache ghafla, maana baadhi ya vidonge hivyo vikikatwa mara moja vinaleta madhara makubwa. Nenda hospitali ya Maweni, mwambie daktari unameza nini na tangu lini, bila kupunguza idadi. Ukiona wiki mbili zinapita hulali, huli na hakuna kinachokufurahisha, huo ni ugonjwa na una tiba. Haukuja kwa uchache wa imani wala hukurogwa. Likikujia wazo la kujitoa uhai, mwamshe mkeo saa hiyo hiyo, na mwende hospitali pamoja bila kungoja kukuche.

Nawaomba wenye maduka ya dawa: mteja anayerudi kila wiki kwa vidonge hivyo, mwelekezeni hospitali. Mnamjua kwa sura.

*Nikihama Kigoma mawazo yataisha? – Kijana wa Gungu*

Kama unakokwenda kuna kazi na mwenyeji, nenda. Kama ni kukimbia tu, hiyo nauli nunulia madumu ya mawese uanze kuuza hapa hapa. Na ukiamua kupanda treni, muage mama yako ana kwa ana, umwachie namba ya mwenyeji wako.