Ankete ya ONG si teze: kwa wadogo zetu wanaoanza doktora ya kazi ya kijamii

Miradi ya teze (kitabu cha doktora) inayoandikwa Bukavu na Goma inarudia kosa lile lile: kuchukua ankete (dodoso) ya ONG, yaani shirika lisilo la serikali, na kuigeuza teze. Linatuuma kwa sababu wanaolifanya ni watu wazuri: asistanti wa kijamii waliokaa Minova, Kalehe au Walungu huku Kivu Kusini, wanaoijua kazi kuliko nusu ya juri (jopo la watahini). Tunawapenda, ndiyo maana tutasema kwa ukali. Haya ni kwa yule aliyemaliza DEA (digrii ya mfumo wa zamani kabla ya teze) au master na sasa anatafuta promoteri, yaani profesa wa kumsimamia.

1. Jueni mnaingia kwa mlango gani. Kwetu Congo, mfumo wa zamani ulikuwa graduat miaka 3, licence miaka 2, DEA, ndipo teze. LMD (licence, master, doktora) imepanga miaka 3, 2, 3. Marekani PhD huanza na masomo ya darasani kama miaka miwili, kisha mtihani mkubwa, kisha kuutetea mradi, ndipo teze yenyewe. Afrika Kusini kwa kawaida ni teze tu: unafika na mradi ulioiva, na takwimu usizozijua utajifunza mwenyewe usiku. Ufaransa wengi huandikishwa katika sosholojia au sayansi za elimu, na Quebec kuna doktora ya kazi ya kijamii kwa Kifaransa. Kuna pia DSW ya Marekani, doktora ya vitendo ya kazi ya kijamii, inayolenga zaidi wanaotaka kuongoza huduma na kufundisha vitendo. Ni digrii ya heshima, lakini kama unataka uprofesa hapa Congo, ulizia ekivalansi (kutambuliwa kwa digrii ya nje) kabla ya kulipa senti moja.

Na tunzeni vyeti vya kazi vyenye tarehe na mhuri. Shule za kazi ya kijamii za Marekani zenye ithibati hudai master ya fani hiyo na angalau miaka 2 ya kazi kwa anayefundisha masomo ya vitendo. Shirika likishafunga ofisi, hakuna wa kukuandikia cheti.

2. Data ya ONG. Hapa tutakaa.

Inavyotokea tunaijua sote. Uko kwenye mradi wa usaidizi wa kisaikolojia na kijamii. Kuna ankete ya mwanzo, kuna ya mwisho, Kobo (programu ya kukusanyia majibu kwa simu) imejaa mamia ya fomu. Unajiambia: data ninayo, kilichobaki ni kuandika. Unatafuta nadharia ya ustahimilivu, unaibandika juu, unapeleka kwa promoteri. Miaka inapita, na siku ya sutenansi (kuitetea teze) mtu mmoja wa juri anauliza swali moja tu: waliojibu walichaguliwaje?

Walichaguliwa kutoka orodha ya waliosaidiwa. Basi aliyekataa msaada hayumo, aliyehama baada ya mwezi hayumo, na aliyerukwa na shefu wa kijiji alipoandika majina hayumo. Ukisema mradi umeponya watu, unasema juu ya waliobaki tu. Pili, mama aliyepewa kadi ya chakula, akiulizwa na kijana aliyevaa koti lenye alama ya shirika lile lile, atasema yuko vizuri. Ana watoto wa kulisha. Hatahatarisha kadi kwa ajili ya teze yako. Tatu, maswali yaliandikwa kwa ajili ya mfadhili: waliofikiwa ni wangapi, vikao vingapi, vifurushi vingapi. Huwezi kuyageuza baadaye yapime huzuni ya kufiwa au uhusiano na majirani, kwa sababu hakuna aliyeyauliza.

La nne ndilo baya kuliko yote. Fomu ya ridhaa ilisema majibu yatasaidia kuboresha huduma. Haikusema yatakaa kwenye kitabu cha chuo kikuu wala kwenye jarida. Yule mama alikubali jambo moja, wewe umefanya lingine. Kamati ya etiki haitoi kibali cha kurudi nyuma: kazi iliyofanyika bila barua, barua haiji kuiosha.

Na msidhani kufuta jina kunatosha. "Mjane wa miaka 34, watoto 7, anauza makaa karibu na kanisa": katika kijiji chenye nyumba themanini, hata mtoto atakuonyesha mlango wake. Badilisheni umri kuwa kundi la miaka, ondoeni kazi au mahali, na kundi lenye watu chini ya watano msilitoe kwenye jedwali.

Njia iliyonyooka ni hii. Kabla ya kugusa data ya shirika, soma mkataba kati yake na mfadhili ujue data ni ya nani. Omba kwa maandishi: safu zipi utatumia, jina la shirika litatajwa au hapana, na una ruhusa ya kuandika matokeo yasiyowapendeza. Wakikataa hilo la mwisho, achana nao. Pata barua ya kamati kabla ya mahojiano ya kwanza. Weka miezi mitatu kwenye kronogramu, maana kamati hurudisha faili. Kisha data ya shirika iwe msingi wa kuanzia tu, na wewe ukusanye yako: mahojiano 20 hadi 30 yenye kina, wakiwemo waliokataa huduma na waliorukwa na orodha. Anketeri (anayeuliza maswali) asiwe mtoa huduma. Majina yakae kwenye faili moja, majibu yenye namba za siri kwenye nyingine, na faili hizo zisilale kwenye kompyuta moja. Kobo ina uwezo wa kufunga fomu kwa ufunguo wa siri, utumieni.

Kwa ukatili wa kingono, Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo manane mwaka 2007 ya utafiti wakati wa dharura. Yasomeni yote kabla ya kuandika swali hata moja. Moja linawahusu moja kwa moja: huduma ya msingi iwepo kwanza, ndipo maswali. Kwa hiyo piga simu kwa kila namba iliyo kwenye orodha yako ya rufaa (mahali pa kumpeleka anayehitaji msaada), wiki ile ile ya mahojiano, na jua nani analipa pikipiki ya kumpeleka mama hospitalini jioni. Bukavu, tangu hospitali ya Panzi, inayojulikana kwa kutibu waliobakwa, ianze mwaka 1999, watafiti wamepita na kupita. Kama jibu liko tayari kwenye ripoti za wengine, usimfanye mtu alisimulie tena.

Kwa watoto, sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda kila aliye chini ya miaka 18. Mzazi anasaini, na mtoto mwenyewe pia anakubali kwa kinywa chake. Maibobo (mtoto wa mitaani) hana mzazi karibu: nani atasaini, kubalianeni na kamati kabla hamjashuka barabarani.

3. Kazi ya kijamii iko wapi ndani? Teze nyingi zinaanza kwetu na kuishia kuwa afya ya umma: asilimia ya wenye msongo, jedwali, mwisho. Fasili ya kimataifa ya kazi ya kijamii iliyopitishwa Melbourne mwaka 2014 inataja mabadiliko ya jamii na kuwawezesha watu, na inakubali maarifa ya wenyeji. Onyesha asistanti alifanya nini, familia ilifanya nini, sheria au ofisi ilizuia nini.

4. Saa moja ya sauti inakula saa 4 hadi 6 za kuandika, zaidi ikiwa mtu anachanganya Kiswahili, Mashi (lugha ya Wabashi) na Kifaransa. Mahojiano 25 ya saa moja moja ni saa 100 hadi 150 kabla ya kuchambua chochote. Andika kwa lugha iliyosemwa; tafsiri vile vipande utakavyonukuu tu.

5. Kopi tatu za data, moja nje ya mji. Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na sehemu ya Goma ikaamriwa kuhama, hakukuwa na nafasi ya kutafuta disko ya kompyuta.

6. Uliza maktaba kama chuo kimeandikishwa Research4Life, mpango unaofungulia vyuo vya nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei ndogo. Jarida linaloahidi kukuchapisha kwa wiki mbili ukilipa, likimbie. Zotero (programu ya kutunza marejeo) tangu siku ya kwanza. Kwa promoteri peleka kurasa tatu na maswali mawili, usipeleke sura nzima na salamu.

7. Kazi baada ya teze. Chuoni ngazi ni asistanti, shefu wa travo, kisha ukishapata doktora profesa mshiriki, na kuendelea. Nafasi hutegemea kiti kilicho wazi, kwa hiyo jitambulishe kwa idara mapema na ufundishe hata somo moja. Nje ya chuo kuna tathmini ya miradi, vituo vya utafiti, ushauri kwa divisheni (ofisi ya serikali mkoani) ya mambo ya kijamii. Huko wanataka mtu anayeweza kufupisha teze ya kurasa 300 kuwa kurasa 4 ambazo shefu wa divisheni atazisoma. Jizoezeni hilo kila mwisho wa sura. Kurasa hizo hizo ndizo mtakazorudisha kijijini, kwa Kiswahili, na siku hiyo ya kurudisha matokeo iingie kwenye bajeti tangu mwanzo: usafiri, maji, mkalimani, chumba. Baada ya sutenansi, hakuna mfadhili atakayeilipia.