Maswali ya Wasomaji: Runinga ya Bei Nafuu, Tazama Kioo Kwanza

SWALI: Salaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Kisauni. Runinga yetu ni ile ya zamani yenye mgongo, na siku hizi rangi zake zimechanganyika hata uso wa msomaji wa habari hauonekani vizuri. Zamu yangu ya chama imefika na nimetenga shilingi 20,000. Kuna duka Barabara ya Digo linalouza runinga ya smati ya inchi 32, ya kampuni inayojulikana, kwa shilingi 17,500. Duka la pili lina ya inchi 43 yenye jina nisilolijua, imeandikwa 4K, kwa shilingi 26,000, na mwenye duka amekubali nimalizie deni mdogo mdogo. Watoto wanaitaka hiyo kubwa. Mume wangu anasema runinga ya bei nafuu ni pesa kutupwa, afadhali tungoje mpaka tupate nzuri. Nyumbani hatuna waifai, twatumia intaneti ya simu, na kutoka kwenye kochi hadi ukutani ni kama mita mbili na nusu. Wanishauri vipi? — Mama wa Kisauni

JIBU: Wa aleikum salaam, dada yangu. Nunua ile ya inchi 32, wala usingoje. Hofu ya mumeo ina msingi, lakini naona inamhusu zaidi yule muuzaji wa pili kuliko wa kwanza.

Runinga ya smati ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja: kioo kinachoonyesha picha, na kompyuta ndogo inayofungua YouTube na programu nyingine. Katika runinga za bei ya chini, kompyuta hiyo ndiyo dhaifu. Nyingi hupewa kumbukumbu ya gigabaiti 1 na hifadhi ya gigabaiti 8, ambayo sehemu yake kubwa huwa imekwisha kuchukuliwa na mfumo wenyewe kabla hujaongeza chochote, na kwa kuwa programu huzidi kuwa nzito kila zinaposasishwa, runinga iliyokuwa nyepesi siku ya kwanza huanza kusitasita baada ya miaka michache. Hata majina makubwa hayajaepuka jambo hili: Desemba 2019, Netflix iliacha kufanya kazi katika baadhi ya runinga za zamani za Samsung. Hata hivyo, sehemu hii ikichoka ina dawa, kwa sababu kuna vifaa vidogo vinavyochomekwa kwenye tundu la HDMI na kuirudishia runinga uwezo wake bila kuibadilisha. Kioo hakina dawa ya namna hiyo. Kikipasuka au kikianza kuchora mistari, fundi atakutajia bei inayokaribia ya runinga mpya. Kwa hiyo toa pesa zako kwa ajili ya kioo, na hiyo smati uihesabu kuwa nyongeza.

Sasa niseme juu ya ukubwa, maana hapa ndipo watu wengi wanapotolewa pesa zisizo za lazima. Runinga ya kawaida ya inchi 32 ina nukta, yaani vitone vidogo vinavyounda picha, zipatazo 1366 kwa upana na 768 kwa kimo, na mtu mwenye macho mazima akikaa mbali zaidi ya mita moja na sentimita themanini hivi hawezi tena kuzitenganisha nukta hizo. Wewe wakaa mita mbili na nusu. Picha ya inchi 43 itakuwa kubwa zaidi, hilo ni kweli, na watoto watafurahi. Lakini ule ukali wa 4K unaoulipia hautaonekana kutoka kwenye kochi lako. Isitoshe, maneno 4K yaliyobandikwa kwenye kasha huweza kuwa na maana ya kwamba runinga inapokea picha za namna hiyo tu, ilhali kioo chenyewe kina nukta chache zaidi. Kioo cha 4K cha kweli ni cha nukta 3840 kwa 2160, na nambari hizo ziwe zimeandikwa kwenye maelezo ya kiwanda, si kwenye karatasi aliyochapisha mwenye duka.

Jina usilolijua si kosa peke yake. Kinachonitia wasiwasi ni mfumo ulio ndani. Baadhi ya vifaa vya bei ya chini hutumia Android ambayo haijaidhinishwa na Google, na mnamo Juni 2025 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa onyo kwamba vifaa vya aina hiyo, vikiwemo visanduku vya runinga, vilikuwa vikiuzwa vikiwa tayari na programu hasidi zinazowapa wahalifu njia ya kuingia katika mtandao wa nyumbani. Ikiwa runinga ni ya Android, itafute alama ya Google TV au Android TV. Mifumo kama Tizen ya Samsung, webOS ya LG na VIDAA inayotumiwa na Hisense haimo katika wasiwasi huu. Nalo hilo deni la shilingi 6,000 halinipendezi hata kidogo: runinga ikizima mwezi wa tatu, utaendelea kulipia kitu kisichowaka.

Kuhusu intaneti, kuwa mwangalifu. Netflix kwa picha za HD huweza kula hadi gigabaiti 3 kwa saa moja, na gigabaiti 1 hivi kwa picha za kawaida. Kwa bando za simu, jioni moja ya katuni inaweza kumaliza ulichokusudia kutumia wiki nzima. Ukiunganisha runinga na simu, shusha ukali wa YouTube hadi 480. Mpaka mtakapopata waifai, uti wa mgongo wa runinga yenu utakuwa stesheni za bure zinazorushwa hewani, na kwa hivyo sharti langu kubwa kuliko yote ni kwamba iwe na kipokezi cha DVB-T2 ndani yake, kwani huo ndio mfumo tunaotumia Kenya tangu mitambo ya analogi ilipozimwa mwaka 2015. Ikiwa nacho, utahitaji antena tu, bila kununua king'amuzi.

Ukifika dukani, usiridhike na ile filamu ya maua na samaki inayozunguka siku nzima, kwa maana imetengenezwa kwa rangi zinazokipendelea kioo chochote. Chukua flashi yenye picha mbili, moja nyeupe tupu na nyingine nyeusi tupu. Ile nyeupe ikiwa kiooni, tazama pembe nne kama kuna kivuli, doa au nukta iliyokufa. Ile nyeusi ikionyeshwa, tazama kama mwanga unavuja kingoni. Kisha sogea hadi kando kabisa, pale atakapokaa mtoto atakayekosa nafasi kwenye kochi, uone kama nyuso zinapauka. Omba uwekewe taarifa ya habari usikilize sauti, kwa kuwa spika za runinga nyembamba mara nyingi hufifisha maneno. Mwisho, bonyeza YouTube kwa rimoti na usubiri. Ikichelewa sana ikiwa mpya, haitaongeza kasi nyumbani.

Risiti iandikwe nambari ya runinga yenyewe, na uulize kama kituo cha kuitengeneza kiko hapa Mombasa au itabidi isafirishwe Nairobi. Maneno "bidhaa ikiuzwa hairudishwi" yasikunyamazishe, kwa sababu Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, pamoja na fidia akipata hasara kutokana na kasoro zake.

Zile shilingi 2,500 zitakazobaki zina kazi: kifaa cha kuilinda runinga stima inapopanda na kushuka, kisha antena. Usiitundike mkabala na dirisha linaloingiza upepo wa bahari, kwani chumvi na unyevu hula mitambo ya ndani. Punguza pia mwanga wa nyuma ya kioo, ambao kiwandani mara nyingi huwekwa juu; taa zitadumu zaidi.

SWALI: Je, runinga iliyotumika Uingereza yafaa kuliko mpya ya bei nafuu? — Msomaji wa Likoni

JIBU: Huenda ikafaa, ndugu yangu, ikiwa kioo ni kizuri na bei yake ni ya chini waziwazi. Stima yao na plagi zao zinaoana na zetu, lakini kipokezi ni suala jingine: zile zilizotengenezwa kwa Freeview HD, yaani matangazo ya bure ya hewani ya Uingereza, zina DVB-T2, ilhali za zamani zaidi zina DVB-T peke yake na hapa zitakudai king'amuzi. Huwezi kujua taa za kioo zimewaka saa ngapi kabla hazijapanda meli, kwa hiyo omba iwashwe muda wa saa nzima mbele yako na upewe angalau wiki mbili za kuijaribu, kwa maandishi. Muuzaji akikataa yote mawili, iache.