Kabla ya Intel au AMD, angalia kwanza unakwama wapi

Mtu akitaka kuunda mashine kali ya nyumbani, ile ya kila kitu, gemu, kuhariri video, kazi za ofisi, swali la kwanza ni prosesa ya Intel au ya AMD. Mimi hilo naliweka pembeni kwanza, naangalia mashine niliyonayo inanisubirisha wapi.

Fungua Task Manager ya Windows, ile inayoonyesha prosesa (CPU) inatumika kiasi gani, halafu endelea na ile kazi inayokuchosha. Prosesa yangu ina thredi 16, yaani njia 16 za kufanya kazi kwa wakati mmoja, sasa faili kubwa la Excel likiganda, CPU inasoma kama asilimia 6 tu, utadhani prosesa imelala, kumbe mzigo wote umebebwa na thredi moja na zingine hazina la kufanya. Hapo hata ukinunua prosesa ya kori 16 (kori ni zile sehemu za ndani zinazofanya kazi yenyewe) hutaona tofauti kwa sababu ya wingi wa kori, unachotaka ni kila kori iwe na spidi. Lakini nikiwasha Blender, programu ya 3D, nirenda kwa CPU, yaani nitoe picha ya mwisho, grafu inagonga 100 na inabaki hukohuko, hiyo sasa ndiyo kazi ya kununulia kori nyingi.

Gemu nazo zina mambo yake. Ryzen 7 7800X3D ya AMD ina kori 8 tu ila ina keshi ya L3, kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa, ya MB 96, na kwenye gemu nyingi inampita kaka yake 7950X mwenye kori 16, ukija kwenye kurenda 7950X anamwacha mbali sana. Kwa mashine ya kuchanganya kazi mimi nasimama katikati, kori 12, na napenda zaidi Ryzen 9 7900 ya kawaida kuliko 7900X, ya kwanza imepangiwa wati 65 na inakuja na feni yake, ya pili wati 170 na feni ujitafutie, halafu kazi wanazofanya hazipishani sana. Kelele za feni usiku zinakera jamani.

Upande wa Intel usihesabu kori kichwa kichwa, Core i7-14700K inaandikwa kori 20 lakini kubwa zenye nguvu ni 8, ndogo za kuokoa umeme 12, na ikikazwa inafika wati 253 kwa hiyo andaa kipoozeo cha maana. Zenye herufi F mwishoni hazina grafiki za ndani, kadi ikifa huna hata picha, na unakosa Quick Sync, sehemu ya grafiki hizo inayoharakisha kusoma na kutoa video, ambayo inasaidia sana kwenye kuhariri. Mimi F sinunui.

Na RAM usiisahau. Soketi ya AM5, ile ambayo hizi Ryzen zinakaa kwenye ubao mama, inakula RAM ya aina ya DDR5 tu, na hiyo 7950X rasmi inakubali spidi ya 5200 ukiweka vijiti viwili, ukiweka vinne inashuka mpaka 3600, kwa hiyo kama unataka GB 64 chukua viwili vya 32, achana na vinne vya 16 hata kama vimeshuka bei.