Umebadilisha sura ya duka la mtandaoni na mauzo yameshuka? Anzia hapa

Mauzo yakishuka baada ya kubadilisha sura ya tovuti, ushauri wa kwanza utakaoupata ni kushusha bei. Wa pili ni kulipia matangazo. Naomba usifanye lolote kati ya hayo kabla hujajua wateja wanapotelea wapi. Duka la vitu vya zamani lina tabia zake, na sura mpya inaweza kuondoa vile vile vilivyokuwa vinaliuza, huku kila mtu akikupongeza kwamba limependeza.

Sisi tunauza tukiwa Mtwara mjini: cherehani za Singer, redio za Philips na National, kandili, birika za shaba, masanduku ya mbao, kanga za Urafiki ambazo bado ni doti nzima hazijakatwa, sarafu za Tanzania za mwaka 1966. Vingi tunavipata Mikindani, Newala, Masasi na Nachingwea, kwenye nyumba za wazee ambao watoto wao wameshahamia mbali. Wateja wengi wako Dar es Salaam na Arusha, wachache nje ya nchi. Februari tulizindua sura mpya: picha kubwa, maneno machache, rangi za kutuliza macho. Fundi aliifanya kazi vizuri na bado naipenda. Lakini kufika Aprili simu ilikuwa kimya kwa namna ambayo hatukuizoea.

Kabla ya kuigusa tovuti, ondoa kwanza sababu zisizoihusu. Huku kusini pesa ina majira. Minada ya korosho huanza Oktoba, malipo yakiingia kwenye akaunti watu wananunua, na msimu ukishapita mifuko inakauka. Ukilinganisha Machi na Desemba hutajua kitu; linganisha Machi na Machi ya mwaka uliotangulia. Halafu gawa wateja kwa mahali walipo. Wakipungua wa Mtwara, Lindi na Masasi peke yao, hiyo ni korosho. Wakipungua na wa Arusha, ambao korosho wanaila tu, basi tatizo liko dukani kwako. Kwetu walipungua wote, na wa mbali ndio waliopungua zaidi.

Kumbuka pia barabara na mtandao. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilituletea mvua zilizokata barabara ya kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga, na mwezi huo huo nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, intaneti ikasuasua nchi nzima. Aliyebadilisha tovuti wakati ule na kuona mauzo yameanguka asingekuwa na haki ya kuilaumu sura mpya. Mizigo haikuwa inafika, na kurasa hazikuwa zinafunguka.

Jambo jingine dogo lakini muhimu: hakikisha kipimo chenyewe kinafanya kazi. Zile takwimu za wageni hutoka kwenye msimbo mfupi uliobandikwa ndani ya kurasa, na sura mpya ikiwekwa bila huo msimbo, utaona sifuri wakati watu wanaingia kama kawaida. Ukweli usiodanganya ni ujumbe wa miamala kwenye simu na risiti za mizigo uliyopeleka stendi. Anzia huko.

Ukisharidhika kwamba kushuka ni kwa kweli, jiulize mteja anaachia hatua ipi. Je, hawafiki kabisa? Wanafika lakini hawafungui bidhaa? Wanafungua bidhaa lakini hawaulizi? Au wanaanza kulipa halafu wanaishia njiani? Kila hatua ina dawa yake, na ndiyo maana kushusha bei ni kupoteza: asiyefika dukani hajui hata kama umeshusha. Kwetu waliofika walikuwa wamepungua sana, na hata hao wachache hawakuwa wanamaliza kununua. Maradhi mawili kwa mpigo.

La kufika nitalieleza kwa urefu, kwa sababu ndilo linalowaumiza wengi wa aina yetu.

Fungua Google Search Console, zana ya Google inayoonyesha watu wanaofika kwenye tovuti yako kupitia matokeo ya utafutaji. Ni bure, na inahifadhi takwimu za miezi 16, kwa hiyo hata ukianza kuangalia kwa kuchelewa bado utaona kipindi cha kabla ya mabadiliko, mradi tovuti ilikuwa imesajiliwa humo. Linganisha miezi mitatu ya kabla na mitatu ya baada, kisha tazama ni kurasa zipi zilizokuwa zinaleta watu na sasa hazileti. Nilipofanya hivyo nilikuta kwamba kurasa zilizokuwa zinatuletea wageni wengi zilikuwa za vitu ambavyo tulikwisha kuviuza zamani.

Ukikaa ukafikiri, inaeleweka. Anayeuza sabuni ana ukurasa mmoja wa sabuni, na ukurasa huo unadumu miaka. Anayeuza vitu vya zamani ana kitu kimoja kimoja, kikiuzwa, kimekwisha. Lakini ukurasa wake, wenye jina la modeli, namba, picha na maelezo, unaendelea kusomwa na Google, na mtu wa Moshi anayetafuta “Singer 201K” anatua hapo. Anaona imeuzwa, anatazama zilizopo, anatuma ujumbe kwenye WhatsApp: “Mkipata nyingine nijulishe.” Huyo ni mteja. Sura mpya ilipowekwa, vitu vilivyouzwa vilifutwa vyote ili duka lionekane safi, na vile vilivyobaki kurasa zake zikapewa anwani (URL) mpya. Watu wakawa wanabonyeza matokeo ya Google na kukutana na 404, ukurasa haupo. Ni sawa na kuhama kizimba sokoni usiku bila kumuaga jirani.

Kwa hiyo usifute ukurasa wa kitu kilichouzwa. Andika juu yake “Kimeuzwa” kwa herufi zinazoonekana, acha maelezo na picha, ondoa kitufe cha kununua, na hapo chini weka vitu vitatu vinne vinavyofanana nacho pamoja na kitufe cha WhatsApp cha kuomba kutafutiwa. Kwa duka letu hizo kurasa ni mali kuliko stoo.

Na kama anwani lazima zibadilike, kila anwani ya zamani ielekezwe kwenye mpya yake kwa njia ya 301, ile inayowaambia Google kwamba uhamisho ni wa kudumu. Moja kwa moja: cherehani kwa cherehani, redio kwa redio. Usikubali fundi akuelekezee zote ukurasa wa mwanzo kwa sababu ni rahisi. Google huzihesabu nyingi za namna hiyo kama kurasa zisizopo, na mteja aliyetaka birika akijikuta ukurasa wa mwanzo anaondoka zake. Google wenyewe wanashauri maelekezo hayo yaachwe kwa angalau mwaka mmoja. Mimi nasema yaache maadamu tovuti ipo. Kama orodha ya anwani za zamani imeshapotea, jaribu Wayback Machine ya Internet Archive, huenda ilihifadhi nakala za kurasa zako. Sisi nyingi tulizipata huko, nyingine kwenye meseji za WhatsApp ambamo tuliwahi kuwatumia wateja viungo.

Ukiwa na fundi, muulize pia kama “noindex” imeondolewa. Tovuti ikiwa bado inajengwa huwekewa alama hiyo ili Google isiionyeshe, na ikisahaulika siku ya uzinduzi, duka zima linafutika kwenye matokeo taratibu bila kelele yoyote. Ni jambo la dakika moja kukagua.

Sasa wale waliofika na hawakununua. Hapa nitakuonyesha mfano mmoja. Haya ni maelezo ya Singer 99K ya mkono kwenye tovuti ya zamani: “Imetoka Mikindani. Nakshi za dhahabu zimefutika kwenye ukingo wa mbele, pale kitambaa kilipokuwa kinapita. Mfuniko wa mbao una ufa wa urefu wa kidole karibu na mshikio. Namba ya kiwandani inasomeka, picha ya nne. Tumeishonea pindo la kanga, uzi haukukatika, video ipo ukitaka.” Na haya ndiyo yaliyokuja na sura mpya: “Cherehani ya zamani. Hali nzuri.”

Anayenunua kitu chenye umri wa babu yake anajua kina kasoro. Anachotaka ni kujua kama na wewe unaijua, na kama utamwambia. Ufa ukitajwa na kupigwa picha, mteja anatulia. “Hali nzuri” bila kingine inamtia wasiwasi, hasa siku hizi ambapo karibu kila mtu ana ndugu aliyetapeliwa mtandaoni. Kisha kuna wanaojua vitu: herufi K kwenye 99K au 201K humwambia mjuzi kwamba mashine ilitengenezwa kiwanda cha Clydebank, Scotland, kilichofungwa mwaka 1980, na kwa namba ya kiwandani anaweza kutafuta mwaka wake. Watu hao hutafuta kwa modeli na namba. Ukiyafuta hayo, umemkosesha mnunuzi imani na umeikosesha Google maneno ya kukutafutia mteja, kwa pigo moja.

Maelezo ya asili ya kitu nayo yasipotee. Kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayolinda masalia yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na mteja wa nje anayejua mambo atakuuliza. Sisi hatugusi kitu chochote kilichookotwa kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani wala Songo Mnara, na tovuti ya zamani ilisema hivyo waziwazi. Tumelirudisha tamko hilo, kwa sababu urithi huo si wa kuuzwa na mtu yeyote.

Kwa upande wa malipo, njia bora ya kupima ni kumpa simu mtu wa kawaida na kunyamaza. Nilimwendea mama mdogo kwake mtaa wa Rahaleo, nikamwomba anunue birika, nami nikakaa pembeni. Alihangaika na picha za mwanzo zilizokuwa zinateleza zenyewe, akaipata birika, akabonyeza, akaletewa fomu. “Mwanangu, mbona wananiuliza nywila? Mimi nataka birika.” Akatafuta namba ya simu kwenye ukurasa mzima. Haikuwepo, ilikuwa imehamishiwa ukurasa wa mawasiliano. Akanirudishia simu.

Mteja wetu hutaka kuongea kwanza. Anataka kusalimia, kuuliza bei ya mwisho, kuomba video, kujua mzigo utapanda basi gani na utafika stendi ipi. Kumlazimisha afungue akaunti na kujaza kadi ya benki ni kumfungia mlango. Rudisha namba ya simu juu kabisa, kitufe cha WhatsApp kwenye kila bidhaa, na lipa namba inayoonekana pamoja na jina litakalotokea anapolipa. Jina hilo lifanane na la duka. Likiwa tofauti, wengi wataishia hapo hapo, na wana haki.

Picha nazo zipunguze uzito. Picha moja ya kamera ina megabaiti kadhaa. Ukurasa wenye picha kumi kama hizo unamla bando mtu wa Tandahimba kabla hajaona bei. Zipunguze hadi upana wa pikseli 1200, uzihifadhi kwa muundo wa WebP, na nyingi zitashuka chini ya kilobaiti 200 bila ufa wa mfuniko kupotea. Google hupenda kitu kikubwa cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5. Pima kwa PageSpeed Insights, zana ya Google ya kupima kasi ya tovuti, upande wa simu, usidanganywe na kompyuta ya ofisini kwa fundi.

Unaporekebisha, nenda na moja moja. Duka dogo halina wageni wa kutosha kufanya majaribio ya sura mbili kwa wakati mmoja, na wiki yenye oda mbili pungufu si ushahidi wa chochote. Anza na anwani na kurasa zilizouzwa, kwa sababu Google huchukua wiki kadhaa kuzipitia upya. Wakati unasubiri, rudisha maelezo na njia za kulipa. Waandikie wateja wa zamani wewe mwenyewe; orodha ya matangazo ya WhatsApp inachukua hadi watu 256, ila ujumbe huwafikia tu waliohifadhi namba yako. Kwetu waliotangulia kurudi ni hao tuliowaandikia. Mmoja wa Arusha alidhani duka tumeliuza, maana hakuona tena chochote alichokifahamu. Wanaotoka Google wamerudi polepole, na kuna kurasa ambazo mpaka leo hazijapata nafasi yake ya zamani.

Kama bado hujabadilisha na unapanga, fanya kati ya Februari na Agosti, mbali na msimu wa korosho. Kabla ya kitu chochote chukua nakala rudufu ya tovuti nzima na orodha ya anwani zote, uzihifadhi kwako, si kwa fundi peke yake. Muandikie kwenye makubaliano kwamba salio lake utalimalizia baada ya kufungua anwani za zamani kutoka kwenye orodha hiyo, kwa simu yako, kwa bando lako, na kila moja ikakufikisha inakotakiwa.