Mtoto Anapoweweseka Usiku, Usimwamshe

Usiku wa kwanza nilidhani ameumwa na nge. Ilikuwa saa tano na nusu, mtoto amelala tangu saa nne, na ghafla tukasikia ukelele ambao hakuwahi kuutoa hata siku za chanjo. Nilimkuta ameketi ndani ya chandarua, macho yamemtoka, jasho likimchuruzika shingoni, akiita “Mama! Mama!” huku mimi mama mwenyewe nikiwa nimemshika na yeye akinisukuma kwa mikono na miguu kana kwamba nimekuja kumwiba. Nilimtikisa, nikamwita kwa jina, nikamnyunyizia maji usoni, baba yake akawasha taa zote, na kila tulilolifanya lilizidi kumchochea. Baada ya kama dakika kumi alinyamaza mwenyewe, akajilaza ubavu, akaendelea na usingizi wake. Asubuhi aliamka akidai uji, hana habari ya lolote, na sisi wawili tukaenda kazini na macho mekundu.

Alikuwa na umri wa miaka mitatu na miezi michache, na tulikuwa tumehamia Dar es Salaam kutoka Tanga kwa muda usiozidi mwezi. Hali ile ilipojirudia mara nne katika wiki mbili, mama mkwe alikuja na mvuje, ile gundi yenye harufu kali inayoaminika kufukuza majini, akaufunga kwenye kitambaa cheusi, akautundika kichwani mwa kitanda, kisha akamsomea mtoto Ayatul Kursiy. Sina ugomvi na kisomo. Kilitutuliza sisi watu wazima, na mzazi aliyetulia ni nusu ya dawa. Nilichomwomba kwa adabu asifanye ni kufukiza ubani katika chumba kilichofungwa madirisha, kwa kuwa moshi haumfai mtoto mdogo aliyelala.

Kiswahili kina neno lake kwa jambo hili, nalo ni kuweweseka, na ingefaa tulitenganishe na ndoto mbaya, maana sisi wenyewe tulivichanganya na tukatibu kimoja kwa dawa ya kingine. Kuweweseka hutokea katika usingizi mzito kabisa, ule usio na ndoto nyingi, ambao mtoto huuingia katika theluthi ya kwanza ya usiku. Ubongo unapotaka kutoka humo kwenda kwenye usingizi mwepesi, sehemu moja huamka na nyingine hubaki imelala, ndiyo maana mtoto hufumbua macho, hupiga kelele, hata huweza kutembea, lakini hakuoni wala hakutambui. Ndoto mbaya huja katika usingizi mwingine, ambao huwa mwingi kuelekea alfajiri. Mtoto huamka kweli, hulia akikutafuta, hutaka kukumbatiwa, na akishajua kusema hukueleza alichokiona. Kwa kifupi, anayeota ndoto mbaya anakuhitaji sana wakati ule, na anayeweweseka hajui kama upo.

Kwa hiyo mtoto akiweweseka, usimwamshe. Si kwamba atapata wazimu, kama wasemavyo baadhi ya majirani. Ni kwamba utamchanganya zaidi na kurefusha jambo ambalo kwa kawaida huisha lenyewe kwa dakika chache. Acha taa hafifu, kaa karibu, ondoa kilicho kando kinachoweza kumuumiza, na kama anataka kushuka kitandani mwongoze arudi bila kumbana. Sauti ya chini inatosha, na maneno yawe yale yale ya kila siku. Sisi tuliondoa kijimeza chenye ncha kilichokuwa ubavuni mwa kitanda na kuhamishia komeo la mlango wa nje juu, asipofika. Asubuhi usimsimulie wala usimwache kaka yake amwigize kwa kicheko mbele ya wageni, kwa sababu yeye hakumbuki chochote, na hofu atakayoipata ni ile utakayompandikiza wewe.

Kilichotufungua macho ni daftari la shule la kurasa 48. Nilianza kuandika saa aliyolala, saa aliyoweweseka, na mambo ya mchana. Ndani ya siku 10 niliona kwamba tukio halina saa yake ya usiku, bali lina umbali wake kutoka kwenye kulala: akilala saa nne, huanza saa tano na nusu, akilala saa tatu, huanza saa nne na nusu. Nilimwonyesha mama mkwe nikamwuliza, kwa utani wa heshima, ni jini gani huyo anayesubiri dakika 90 kila siku. Alicheka, lakini mvuje hakuutoa.

Ukurasa uliofuata ulinitia aibu. Tanga mtoto alikuwa akilala saa mbili nzima kila mchana juu ya mkeka wa bibi yake barazani. Dar es Salaam chekechea haikuwa na usingizi wa mchana, gari la shule lilimpitia alfajiri hivyo tulimwamsha saa kumi na moja, na jioni alikuwa akikaa nasi sebuleni hadi saa nne kwa kuwa sisi tulirudi kazini tumechelewa na tulitaka kumwona. Hesabu yake ni saa saba, wakati mtoto wa miaka mitatu hadi mitano anahitaji kati ya saa 10 na 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo, na yule wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji 11 hadi 14. Mtoto aliyechoka kupita kiasi huzama katika usingizi mzito mno, na humo ndimo kuweweseka kunakozaliwa. Homa, kibofu kilichojaa, kelele na kulala mahali pageni huchochea pia, na mara nyingi jambo lenyewe limo katika ukoo. Baba yake, nilikuja kuambiwa, alikuwa akitembea usingizini hadi darasa la pili.

Tulimhamishia chekechea ya mtaani anayoiendea kwa miguu, tukamrudishia saa moja ya mchana, na saa mbili na nusu usiku akawa yu ndani ya chandarua hata kama kuna mgeni. Pamoja na hayo tulitumia njia ambayo madaktari wa watoto huwashauri wazazi wenye tatizo linalojirudia kwa saa ileile: dakika 15 kabla ya muda wake nilimgusa bega hadi akajigeuza, nikampeleka chooni, nikamrudisha. Nilifanya hivyo kwa wiki tatu. Inachosha, sitadanganya, lakini matukio yalipungua hadi moja, na hilo lilitokea siku aliyokuwa na homa.

Ndoto mbaya zilikuja baadaye, na chanzo chake nilikipata jikoni. Dada wa kazi alikuwa akimlaza kwa kumtishia paka shume, na mtoto akaanza kuamka saa kumi alfajiri akilia kwamba paka yuko chini ya kitanda. Hapo nilimkumbatia, nikamsikiliza bila kumhoji, tukachungulia pamoja kwa tochi, nikakaa naye hadi alipolala. Vitisho vya kulalia vilipigwa marufuku, na filamu za kutisha zikasubiri saa tatu.

Jambo moja sitaki msomaji alichukulie kwa wepesi. Degedege si kuweweseka. Mtoto anayekakamaa, anayerusharusha viungo kwa mpigo, anayegeuza macho juu au kutokwa na povu, hasa akiwa na homa, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, na mpeleke kituo cha afya usiku huohuo akapimwe malaria. Kumfukiza kinyesi cha tembo, kama ilivyozoeleka sehemu nyingine, ni kupoteza saa ambazo huenda asiwe nazo. Nenda pia kwa daktari, japo si kwa mbio, kama matukio yanapita nusu saa, yanatokea mara kadhaa kwa usiku mmoja, au mtoto anakoroma na pumzi kukatika, kwa kuwa mafindofindo na nyama za puani huharibu usingizi. Mrekodi kwa simu, maana daktari ataelewa zaidi kwa kuona kuliko kwa masimulizi yako. Na tafadhali, usimpe dawa ya kikohozi ili alale.

Tulipokwenda Tanga kwa Idi, nilimpigia mama mkwe mapema kumkumbusha kwamba kitanda kigeni na safari ndefu huenda vikamrudishia hali ile, na kwamba ikitokea asimwamshe wala asimmwagie maji. “Nimekuelewa, mwanangu,” alinijibu, “sitamgusa. Mkeka wake nimeshautandika barazani, na mvuje ninao.”