Mwanangu anaogopa kujengewa ukuta kama kichwa cha treni

*Shikamoo Bibi Mwalimu. Nina mtoto wa kiume wa miaka 4, yuko chekechea. Anapenda mno katuni za treni. Mjomba wake alimjazia kwenye flashi, nami nikafurahi kwa kuwa niliambiwa zinafundisha utii na bidii. Wiki iliyopita aliona kichwa kimoja cha treni kimegoma kutoka handakini kwa kuogopa mvua, wakakijengea ukuta humo humo. Tangu hapo, wingu likitanda tu ziwani ananing'ang'ania kanga. Juzi mvua inanyesha asubuhi akaniuliza, "Mama, nisipoenda shule mtanijengea?" Nifute katuni zote?*
*Mama wa wawili, Igogo*

Marahaba, mwanangu. Usifute kwanza.

Kisa hicho nakijua, nimekaa nacho darasani miaka mingi. Kinatokana na vitabu vya mchungaji wa Uingereza, Wilbert Awdry, aliyeanza kumsimulia mwanawe hadithi za vichwa vya treni mtoto akiwa kitandani na surua. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1945, na televisheni ikaanza kuzionyesha 1984. Aliyejengewa anaitwa Henry. Alihofia mvua ingemharibia rangi yake ya kijani na mistari yake myekundu, akakataa kutoka. Mkubwa wa reli akaamuru reli ing'olewe na matofali yapangwe, na wenzake wakawa wanapita njia ya pili huku yeye akiwatazama. Kisa kinakatika hapo, tena msimulizi anawauliza watoto kama hakustahili adhabu ile.

Hapo ndipo mimi sikubaliani nacho kabisa. Mtu mzima anaona fundisho la utii. Mtoto wa miaka 4 anaona ukuta. Kwake yeye Henry ni mtoto mwenzake aliyeogopa, na wakubwa wakamwacha gizani. Mwanao hakukosea kuelewa, mama, ameelewa sawasawa.

Ila hadithi inaendelea. Katika kisa kinachofuata, Gordon, kile kichwa kikubwa chenye majivuno, anaharibikiwa njiani akivuta treni ya abiria. Edward mdogo anajaribu kuisukuma, anashindwa. Ndipo ukuta unabomolewa, Henry anatoka na uchafu wake wote, na yeye na Edward wanaivuta treni pamoja mpaka mwisho wa safari. Angalia kwenye hiyo flashi. Mara nyingi vipande hivi hujazwa bila mpangilio, mtoto akaona adhabu asione msamaha.

Ukikipata, mpakate muangalie wote wawili. Kabla ukuta haujabomolewa, simamisha umuulize: wewe ungemfanyia nini Henry? Nilipowauliza hivyo darasani kwangu, binti mmoja mdogo, kamasi zinamtoka, aliniambia, "Ningempa mwamvuli." Sijalisahau jibu lile. Kisha mwambie mwanao waziwazi, kwa kinywa chako na cha baba yake: sisi hatukujengei. Mvua ikinyesha tunavaa koti tunakwenda, ikizidi tunangoja ikate.

Jambo jingine nalilinda sana katika katuni hizi. Sifa kubwa humo ni kuwa na manufaa, kufanya kazi ukaonekana. Bidii ni njema, lakini mtoto asidhani anapendwa kwa kazi yake. Mwambie unampenda hata siku amelala na homa hafanyi lolote.

Umetaja pia kwamba una wawili. Basi wachezeshe treni, mdogo ashike shati la mkubwa kwa nyuma. Watoto wote wanataka kuwa kichwa, hakuna anayetaka kuwa behewa. Marehemu baba yangu alikuwa gadi wa treni kati ya Mwanza na Tabora, akikaa behewa la mwisho na bendera yake ya kijani, na alikuwa akituambia kwamba kichwa hakiondoki stesheni mpaka gadi ameridhika. Niliwaeleza hilo wanafunzi wangu, kesho yake wakagombania kukaa nyuma.

Sasa niseme lile ambalo kwenu Igogo haliwezi kungoja, maana mko jirani na reli ya Mwanza Kusini. Katuni zinampa treni macho na mdomo. Anaona kuku njiani, anafunga breki, anaomba radhi. Treni ya kweli haina macho. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halina mshiko kama tairi barabarani, na uzito wa mabehewa unasukuma kwa nyuma, hivyo hata dereva akifunga breki kwa nguvu zote bado litakwenda mamia ya mita. Mpeleke mwenyewe, umshike mkono, msimame mbali mpaka treni ipite. Asikie ardhi inavyotetemeka miguuni. Hakuna katuni itakayomfundisha hilo.

Kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa umri wake asizidishe saa 1 kwa siku mbele ya skrini, na ikipungua ni bora zaidi. Isiwe karibu na kulala, hasa sasa anapouogopa ukuta.

Mvua ijayo, msimpeleke mbio kwenye televisheni. Tandika kanga juu ya meza iwe handaki, mdogo wake awe abiria, na yeye mpe kitambaa cha kijani na filimbi. Akae humo kadiri atakavyo. Filimbi ya kutoka aipulize mwenyewe.