Hewa Lazima Irudi: Kwa Wanaoanza Kazi ya Dakti Nairobi

Mama mwenye nyumba alinipigia simu mara tatu ndani ya wiki mbili. Chumba cha mtoto, kile cha mwisho kwenye korido, kilikuwa hakipoi, ilhali sebuleni watu wanavaa sweta. Nyumba ilikuwa Lavington, kazi ya kufunga dakti, yaani njia za kupitishia hewa ya mashine ya kupoza, ilikuwa yangu, na nilikuwa na mwaka mmoja na nusu tu katika fani hii. Mara ya kwanza nilisafisha filta. Mara ya pili nikapima gesi, ikawa sawa. Mara ya tatu nilifika jioni, mtoto ameshalala na mlango umefungwa. Nilishika kipande cha tishu mbele ya grili, kile kifuniko chenye matundu hewa inapotokea, kikaning'inia tu. Nikafungua mlango. Tishu ikainuka.

Hewa ilikuwa haina pa kutokea. Nilikuwa nimetumia siku nne kupeleka hewa baridi kwenye kila chumba, na sikuwa nimefikiria hata kwa dakika tano itarudi vipi kwenye mashine.

Ndugu zangu mnaoanza, hapo ndipo wengi tunakosea, kwa sababu bati linaonekana na hewa haionekani. Feni haitengenezi hewa, inaizungusha tu. Chumba kikifungwa kikajaa, kinaikataa ile inayokuja. Na feni iliyonyimwa hewa ya kurudi haikai kimya: inaivuta popote inapoipata, kwenye vumbi la dari, kwenye matundu ya taa, hata kwenye bomba la moshi. Nyumba nyingi za zamani za Karen na Muthaiga zina mahali pa kuotea moto. Mwezi wa saba, moto umewashwa na madirisha yamefungwa, dakti ya kurudisha hewa iliyowekwa karibu inaweza kuushusha moshi urudi ndani. Pale penye jiko la makaa hatari ni kubwa zaidi, maana kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Kabla hujakata tundu la kurudishia hewa, zunguka nyumba nzima uone moto unawashwa wapi. Mwenye nyumba akikuambia jiko huingizwa ndani usiku wa baridi, mwambie waziwazi kwamba watu hufa hivyo.

Wengine watakuambia upunguze mlango chini, yatosha. Piga hesabu kwanza. Mwanya wa sentimita 2 chini ya mlango wa sentimita 80 ni sentimita 160 za mraba. Dakti ya duara ya milimita 200 ina sentimita 314 za mraba. Yaani unaingiza hewa kwa mlango mkubwa na kuitoa kwa nusu yake. Pale Lavington nilikata grili ya kupitishia hewa juu ya mlango, nikaweka na nyingine upande wa korido, na simu zikakoma.

Hesabu hiyo ya eneo ishike vizuri, maana ndiyo kazi yenyewe. Hewa ikienda mita 4 kwa sekunde ndani ya dakti ya milimita 200, unapata kama mita za ujazo 450 kwa saa. Ukikosa ya 200 dukani ukafunga ya 150 kwa mwendo uleule, unabaki na kama 250. Kipenyo kimepungua kwa robo, lakini hewa imepungua karibu nusu. Ukilazimisha feni ifidie, grili itapiga mluzi usiku kucha.

Sasa kuna jambo la Nairobi yenyewe. Tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban sehemu moja ya sita. Feni inasukuma ujazo uleule, lakini uzito wa hewa ni pungufu, kwa hiyo joto au baridi inayobebwa nayo ni pungufu. Majedwali mengi ya watengenezaji yameandikwa kwa usawa wa bahari. Fundi aliyezoea Pwani akija huku na vipimo vyake bila kuvirekebisha, atalaumu mashine bure.

Flexi, ile dakti laini inayopindika, imeharibu kazi nyingi kuliko kitu kingine ninachokijua, kwa sababu ni rahisi. Inyooshe kabisa, kisha ukate kinachozidi. Usiache mita mbili zimejikunja juu ya dari eti huenda zikahitajika siku moja. Yale makunyanzi ya ndani yanaikaba hewa. Usiipitishe chini ya bomba la tangi ikabonyea. Ishikilie kwa mkanda mpana kila mita moja na robo hivi, maana waya mwembamba huikata shingo. Kona iwe ya taratibu.

Viungo vizibwe kwa gundi nzito ya kupaka kwa brashi, au tepu ya alumini juu ya bati lililofutwa vumbi na mafuta. Ile tepu ya kitambaa ya rangi ya fedha, iachieni kazi nyingine. Mwaka 1998 watafiti wa Lawrence Berkeley National Laboratory, California, walizijaribu njia mbalimbali za kuziba viungo vya dakti, na tepu hiyo ndiyo iliyoshindwa vibaya. Mimi mwenyewe nimeikuta imekauka na kubanduka, hewa baridi yote inapoozea panya juu ya dari.

Kuhusu bati, nendeni Kamukunji mkakae na wale mafundi wa mabati wa jua kali hata wiki mbili. Mikono yao inajua kukunja kuliko kitabu chochote. Waombeni wawaonyeshe namna ya kulikunja kidogo bati pana kwa mistari miwili ya msalaba kabla ya kulifunga. Bila hiyo, kila feni inapowaka bati hupiga "tung!", na mtu aliyelala hushtuka.

Juu ya dari, kanyaga boriti, si jipsamu. Zima umeme kwenye swichi kuu, vaa glavu na barakoa. Funika dakti zote kwa sufi ya kuzuia joto, viungo pia, maana chini ya mabati ya paa mwezi wa pili joto ni kali mno, na mvua zikija bati baridi lililo wazi hutoa matone yanayochora madoa ya kahawia kwenye dari.

Matengenezo si mengi, ila yana wakati wake. Kiangazi, hasa nyumba ikiwa jirani na mjengo, angalia filta kila mwezi. Kagua bomba la kutolea maji ya mashine kabla ya mvua za masika. Kisha rudia ile tishu kwenye kila grili, milango imefunguliwa, halafu imefungwa. Ukiwa na kipima mwendo wa hewa, andika namba za kila chumba pamoja na tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika, ndani ya kifuniko cha filta, ili fundi atakayekuja baada yako aone pale hewa ilipoanza kupungua.